Mawakala wa usafiri Kisumu, acheni kutuuzia "chumba cha familia" msichokijua

Wadau wa Kisumu, nimekasirika na sitazunguka mbuyu. Wakala mmoja hapa mjini alituuzia safari ya meli ya kitalii kutoka Dubai: mimi, mume wangu na watoto watatu, chumba kimoja. Nilimuuliza kwa WhatsApp waziwazi, kinatosha watu watano? Akaandika, "Usijali mama, mdogo mtalala naye, mtajipanga hukohuko." Tukamaliza kulipa, tena kwa mkopo wa sacco. Ndipo akapiga simu eti mtambo umekataa jina la tano.

Lazima ukatae! Melini hakuna kujipanga. Titanic ilizama 1912, na 1914 nchi zikatia saini mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, kila abiria awe na nafasi kwenye boti la uokoaji. Hata mtoto mchanga anahesabiwa. Chumba cha wanne ni cha wanne. Si hoteli ya Milimani ambako ukimwomba mhudumu vizuri anakuongezea godoro. Anayeuza tiketi hizi na halijui hili anauza nini?

Ikabidi tununue chumba cha pili kwa bei ya waliochelewa. Kughairi hatukuweza, maana kadiri siku ya kuondoka inavyokaribia ndivyo kampuni za meli zinavyokata pesa zaidi. Vyumba vyenye mlango wa kuunganisha vilikuwa vimekwisha, kwa sababu huwa vichache na familia huviwahi mapema. Mimi na watoto wawili tukawekwa sitaha ya chini, mume wangu na yule mwingine sitaha ya juu kabisa. Hiyo ndiyo safari ya familia tuliyokopea.

Chumba chenyewe sasa. Picha tuliyotumiwa ilikuwa na sebule na roshani. Tulichopewa ni chumba cha ndani, bila dirisha. Ukizima taa hujui kama ni saa sita usiku au saa tatu asubuhi. Vyumba vya aina hii katika meli nyingi vina mita za mraba kama 14 hadi 17, bafu likiwemo. Kitanda cha mtu wa tatu na cha wa nne hushushwa usiku kutoka darini au ukutani, unapanda kwa ngazi, na kikishashushwa hata pa kufungulia sanduku unapatafuta. Huko juu si pa kumlaza mtoto wa miaka 3! Nililala naye chini, yeye akinisukuma ukutani usiku kucha.

Na vyumba vya afadhali vipo. Meli za Disney zina vingi ambavyo bafu limegawanywa, choo kivyake na pa kuogea kivyake, mama akimwogesha mtoto baba hasubiri. Kampuni za meli huweka ramani za sitaha wazi mtandaoni, unaona chumba kiko wapi na kinalaza wangapi. Wakala wetu hakutufungulia ramani hata moja.

Bei nayo. Bango lake halikusema kwamba ni ya kila mtu, wakiwa wawili chumbani. Wa tatu na wa nne hupunguziwa, lakini ada za bandari wanalipa, na kampuni nyingi hukata bahashishi ya wahudumu kila siku kwa kila kichwa, watoto pia. Pasi yangu ya kunyooshea nguo ilizuiliwa kwenye ukaguzi kwa sababu ya hatari ya moto. Sawa, sheria ni sheria, ila kutueleza ilikuwa kazi ya nani?

Nimemdai pesa za chumba cha pili, anasema "mlikubali masharti". Ujumbe wake ninao wote. Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii ndiyo inayotoa leseni kwa mawakala, kwa hiyo naanzia huko. Asipolipa, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na langu halifiki hapo. Aliyewahi kumshtaki wakala wa usafiri katika mahakama hiyo hapa Kisumu aniambie alibeba karatasi zipi.