Wakuu, VPN ya bure inanificha kweli?

Nangurukuru: Wakuu, heshima kwenu. Kazini kwetu tunatumia waifai ya ofisi. Juzi kati kijana wa kompyuta alichapisha orodha ya tovuti zilizofunguliwa, ikapita mkono kwa mkono kikaoni. Mwenzetu mmoja alikuwa akisoma habari za dawa za kufubaza virusi. Hakuna aliyesema neno, lakini tangu siku hiyo anakula peke yake. Imeniuma mno.

Nami nina jambo la kiafya nataka kulisoma kwa kina, na sitaki mtu alijue kabla yangu. Nimepakua VPN ya bure, ile programu inayopitisha mawasiliano ya simu kwenye kompyuta ya kampuni nyingine ili mwenye waifai asiyaone, na kialama cha ufunguo kinaonekana juu ya skrini. Inatosha? Au dirisha fiche (incognito) la kivinjari tu? Natanguliza shukrani.

Kaskazi: Pole mkuu, na mfikishie pole mwenzako. Dirisha fiche haliachi historia ya ulichosoma humo kwenye simu yako, basi. Mwenye waifai anaendelea kuona. Kwa kuwa tovuti nyingi sasa ni za https, yaani mawasiliano yake yamefungwa kwa msimbo, haoni ukurasa gani umesoma wala ulichoandika, ila jina la tovuti analiona. Na jina tu linatosha kumwaibisha mtu, umeshuhudia mwenyewe.

VPN inaziba hapo, ofisi itaona tu umeunganishwa na seva fulani, yaani kompyuta ya mwenye VPN. Lakini ulichomficha bosi sasa kinapita kwa mwenye VPN. Onavo, VPN ya bure ya Facebook, ilikuwa inakusanya taarifa za programu ambazo watu wanatumia, mpaka ikaondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018. Hiyo ni kampuni inayojulikana dunia nzima. Yako ni ya nani? Fungua mipangilio uone ruhusa inazoomba. VPN haina kazi na namba za ndugu zako.

Mama Kayanda: Kama hufanyi baya, unajificha nini? Binti yangu kaibiwa pesa na akaunti isiyo na jina. Huku kujificha ndiko kunakolea matapeli.

Nangurukuru: Shikamoo mama. Poleni sana kwa hilo. Ila mwenzangu hakumwibia mtu, alikuwa anasoma habari za afya yake.

Kaskazi: Mama, tapeli atafutwe, laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na mahakama ipo. Mgonjwa hana kesi na mtu.

Mpita Kampala: Nipo Uganda. Julai 2018 ilipowekwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, mpaka wauza ndizi sokoni walijua VPN ya kuikwepa. Januari 2021 Facebook ikafungwa, watu wakaendelea kuingia hivyo hivyo. Lakini intaneti yote ilipozimwa siku za uchaguzi ule, VPN haikufua dafu. Msiitegemee kwa kila kitu.

Fundi Mitambo: Kwa Tanzania usiende kichwa kichwa. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ilitangaza watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Soma kanuni kwanza.

Ukitaka kusoma bila kumkabidhi siri mtu mmoja, ipo Tor Browser, kivinjari cha bure. Mawasiliano yanapita vituo vitatu: cha kwanza kinakujua wewe lakini hakijui unakokwenda, cha mwisho kinajua unakokwenda lakini hakikujui. Ni ya polepole, video sahau, ila maandishi yanasomeka vizuri. Humo usiingie kwenye akaunti yako ya Google, utakuwa umejitaja mwenyewe.

Kwa shida yako hasa: achana na waifai ya ofisi, weka bando kwenye simu yako. Kompyuta ya kazini usiiguse kwa jambo la siri. Kama wameweka programu ya kukagua, inaiona skrini yenyewe, na hapo VPN haina msaada.

Nangurukuru: Asanteni mno. Ile VPN nimeifuta, ilikuwa inaomba majina yote na mahali nilipo! Na huyu mwenzangu, kuna sheria inayomlinda?

Kaskazi: Ipo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti, na malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ila muulize yeye kwanza kama anataka, maana akilalamika itabidi aeleze tena yaliyotokea.