Uso umekufa ganzi upande mmoja tangu niumie shingo. Nifanyeje?

Mpakizi_wa_Malaba: Wandugu habari zenu. Napakia mizigo hapa mpakani Malaba, upande wa Uganda. Kabla ya Pasaka gunia la mahindi liliporomoka kutoka juu ya lori likanikita shingoni. Shingo ikakaza, nikajua itapita. Sasa shavu la kulia, kuanzia sikioni hadi pembeni mwa mdomo, halina hisia. Halafu ndani ya ganzi hiyo hiyo hupita kitu kama shoti ya umeme: kinapiga, kinaacha, kinapiga tena. Upepo wa boda ukinigusa tu, machozi yananitoka. Juzi nakunywa chai, mke wangu ndiye aliyeniambia inanichuruzika kidevuni. Panadol nimemeza mpaka basi. Kuna dawa gani nyingine ya kununua famasi? Usiku silali.

Afande_Mstaafu: Pole kijana. Mimi gari la jeshi liliniangusha kule Gulu, bega mpaka leo linajua mvua kabla ya mawingu. Vijana mnabeba bila ngata, bila kupumzika, mkikimbilia hela ya jioni. Mwili hauna spea.

MamaPacha_Busia: Hilo ni jino. Dada yangu alikufa ganzi hivyo hivyo taya zima, kumbe gego la mwisho limeoza chini kwa chini. Kang'oa, kapona.

Nesi_Tororo: Ndugu, dawa tuiache kwanza. Ganzi ilianza siku ile ile ya gunia? Mikono ina nguvu? Kuna mtu aliyekushika shingo?

Mpakizi_wa_Malaba: Mikono iko sawa. Ganzi ilikuja baadaye kidogo. Nitajieni dawa tu.

Nesi_Tororo: Baadaye lini? Na shingo aliishika nani?

Mpakizi_wa_Malaba: Sawa, niseme. Nilipelekwa kwa mganga wa mifupa. Akanilaza, akashika kichwa, akakizungusha mpaka shingo ikalia ko! Ganzi ilianza jioni yake. Lakini msimlaumu, ni baba mdogo wa mke wangu, na mguu wa shemeji aliuunga yeye, leo anacheza mpira. Anasema mishipa haijakaa vizuri, arudie Jumamosi. Advansi nimeshalipa. Zahanati walinipa amitriptilini, nikasoma karatasi yake, nikakuta ni ya wagonjwa wa sonona. Nikaiweka kando. Mimi akili zangu ziko timamu.

Fuso_la_Mbale: Mkwe anakuzungusha kichwa na wewe unamlipa? Au mahari hukumaliza?

Mkweli_Mtupu: Mimi uzi huu siuamini. Kwanza gunia, sasa mganga, kesho tutaletewa namba ya simu tumtumie mchango. Shingo na shavu wapi na wapi? Neva ya uso hutoka kichwani, hilo tulisoma sekondari. Mwaka jana nilimchangia “mgonjwa” wa humu humu, baadaye nikamkuta baa anaagiza mbuzi choma.

MamaPacha_Busia: Eh, nami naanza kushangaa. Mtu hasahau kuzungushwa kichwa.

Mpakizi_wa_Malaba: Nimeomba shilingi ya nani hapa? Sikusema kwa sababu huyo ni mzee wa ukweni. Ninyi mngesema?

Nesi_Tororo: Mkweli, tulia. Neva ya hisia za uso hutoka kwenye ubongo, ndiyo, lakini kituo chake cha maumivu na joto hushuka ndani ya uti wa mgongo hadi karibu na pingili ya tatu ya shingo. Na ngozi ya kona ya taya na chini ya sikio inahudumiwa na neva za shingo, ya pili na ya tatu. Mtu akiumia shingo, shavu linaweza kufa ganzi. Mimi namwamini.

Ndugu mpakizi, Jumamosi usiende. Mishipa miwili ya damu inayopanda nyuma ya ubongo hupita kwenye matundu ya pingili za shingo. Kichwa kikizungushwa kwa nguvu, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, ukapata kiharusi. Nenda hospitali ya rufaa Mbale, ueleze yote, na la mganga usilifiche. Eksirei huonyesha mifupa. Uti na neva huonekana kwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Kope ikilegea, ukiona vitu viwili viwili, ukishindwa kumeza, ukiyumba au mkono ukiishiwa nguvu, usingoje kukuche.

Amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku, miligramu 10 au 25, hutuliza maumivu ya neva. Haina uhusiano na kichaa. Panadol haiyafikii hayo. Muulize daktari kabla ya kuianza. Chai uionje kwa upande wa kushoto, na jicho la kulia lisipohisi vumbi, vaa miwani.

Mkweli_Mtupu: La neva nimekubali. La namba ya simu bado nalisubiri.

Fuso_la_Mbale: Utani nimeuacha. Kaka, kesho alfajiri napita Malaba na gari tupu kwenda Mbale. Kiti cha mbele ni chako, nauli sitaki. Kwenye mashimo nitakwenda polepole.

Mpakizi_wa_Malaba: Mungu akubariki kaka, nitakuwa pale kwenye maegesho ya malori. Ila mke wangu nimwambie naenda wapi? Na advansi ya mzee nitaidai vipi?

MamaPacha_Busia: Mwambie unaenda kung'oa jino. Na ukifika, kweli wakutazame hilo gego.