Kushuka mstari ndani ya seli moja ya Excel: vipimo vya wateja

MshonoTanga
Habari zenu wakuu. Naandika oda za ushonaji kwenye Excel, laptop ya Windows, ofisi yetu iko Ngamiani, Tanga. Vipimo vya kila mteja viko kwenye seli moja. Karatasi naichapa na kuibandika ukutani mbele ya cherehani. Shida ni kwamba vinatoka vimeongozana hivi: Bega 15.5, Kifua 40, Kiuno 34, Nyonga 43, Mkono 22, Urefu 56. Fundi ana mkasi mkononi na kitambaa kimeshatandikwa, halafu aanze kuitafuta nyonga katikati ya namba zote hizo. Akichukua 34 badala ya 43, gauni limekwisha, na kitambaa ni cha mteja, si chetu.

Nataka Bega ikae juu, Kifua chini yake, hivyo hivyo mpaka Urefu, vyote ndani ya seli ileile. Nikibonyeza Enter narushwa seli ya chini. Kujaza nafasi tupu mpaka neno lisukumwe chini sikutaki, maana safu ikipanuliwa kidogo tu kila kitu kinahama. Tena kuna oda za nyuma zilizokwisha kuandikwa kwa mkato. Idi inakaribia, kuziandika upya haiwezekani.

Kibodi_Moro
Dada, shikilia Alt halafu bonyeza Enter. Kama seli ina maandishi tayari, bofya mara mbili ndani yake au bonyeza F2, weka kasa (kile kimstari kinachopepesa) kabla tu ya neno unalotaka lishuke, kisha Alt+Enter. Google Sheets nayo inakubali hivyohivyo. Kwenye LibreOffice ni Ctrl+Enter.

HesabuZaMwezi
Hizo za nyuma usiziguse moja moja. Chagua safu ya vipimo peke yake (ukichagua jedwali zima, mikato ya anwani za wateja itaondoka pia), bonyeza Ctrl+H. Kwenye Find what andika mkato na nafasi moja. Kwenye Replace with bonyeza Ctrl+J. Kisanduku kitaonekana kitupu, usishtuke, alama ya kushuka mstari imo ila haionekani. Bofya Replace All. Kama vipimo bado vimelala kwenye mstari mmoja, washa kitufe cha Wrap Text. Ukifungua Ctrl+H tena kabla ya kufunga Excel, futa kwanza kile kisanduku, kwa sababu ile alama hubaki humo na utaitumia bila kujua.

Fanya kwenye nakala ya faili kwanza. Hilo nasisitiza.

Ila ningekuwa mimi, kila kipimo kingekaa safu yake: Bega safu C, Kifua D, Kiuno E, na kuendelea. Namba iliyofungwa pamoja na maneno ni vigumu kuipanga au kuichuja vizuri. Ukitaka kuwapanga wateja kwa kipimo cha kifua utasoma kwa macho. Seli ya kuchapa iunde kwa fomula:

="Bega "&C2&CHAR(10)&"Kifua "&D2&CHAR(10)&"Kiuno "&E2

Endelea hivyo mpaka Urefu. CHAR(10) ndiyo alama ya kushuka mstari. Kwenye fomula Wrap Text haijiwashi yenyewe kama inavyofanya ukitumia Alt+Enter, lazima uiwashe kwa mkono. Mteja akirudi amenenepa, unabadilisha namba moja na karatasi inajirekebisha.

FundiLushi
Salamu kutoka Lubumbashi. Niongeze kwa wenzetu wa Kongo na Burundi wenye Excel ya Kifaransa: CHAR haitambuliki, andika CAR(10). Ndani ya fomula zenye sehemu kadhaa, tenganisha kwa nukta mkato, kwa mfano =SUBSTITUE(A2;", ";CAR(10)). Na sisi tunaandika nusu kwa mkato, 15,5, kwa hiyo ile nafasi baada ya mkato ni muhimu sana. Ukiweka mkato peke yake, 15 na 5 zitaachana, na fundi atasoma bega la inchi 15.

MshonoTanga
Ahsanteni sana ndugu zangu. Ctrl+J imeshusha oda zote za nyuma. Ushauri wa safu za peke yake nimeuchukua, oda mpya zote zinaingia hivyo kuanzia leo, kwa sababu kweli wateja wetu hurudi kila Idi na vipimo hubadilika. Limebaki moja: kwenye baadhi ya oda naona Bega na Kifua tu, vilivyobaki vimefichwa chini.

HesabuZaMwezi
Kimo cha safu mlalo hizo kiliwekwa kwa mkono, ndiyo maana hazijinyooshi. Chagua safu mlalo zote, nenda Home, Format, kisha AutoFit Row Height. Kama kuna seli zilizounganishwa kwa Merge, hizo hazitafuata. Ziachanishe kwanza, ndipo urudie. Halafu kabla ya kuchapa angalia Print Preview, uhakikishe oda ya mteja mwenye safu mlalo zaidi ya moja haikatwi nusu ukurasa huu na nusu mwingine. Ikikatwa, chagua safu mlalo nzima ya kwanza ya mteja huyo, nenda Page Layout, Breaks, Insert Page Break, oda yake yote ihamie ukurasa unaofuata.