Margot alilenga nyati au alimlenga mumewe?

Msomaji_Arusha: Wakuu, nimerudia ile hadithi ya Hemingway ya 1936, ya Francis Macomber, tajiri wa Kimarekani wa miaka 35 aliyekuja kuwinda huku Afrika Mashariki na mkewe Margot. Simba kajeruhiwa kajificha majanini, wanamfuata, anawarukia, jamaa katimua mbio. Usiku mke akaenda hemani kwa Wilson, mwindaji wao. Kesho yake jamaa kapata moyo, kasimama mbele ya nyati anapiga, mke naye kafyatua toka kwenye gari, risasi ikamwingia mume kichwani. Mi nasema kaua. Na mwanaume akikimbia mbele ya mkewe ndoa imeisha palepale.

MamaWawili: Kaka we simba umemuona wapi? Mume wangu alikimbia nyoka akaniacha na mtoto mgongoni, mwaka wa 14 huu tunakula sahani moja. Hawa wana miaka 11, mume hamwachi mke kwa uzuri wake, mke haondoki kwa hela za mume, mwandishi kasema mwenyewe. Simba wa watu kakuta ndoa imeshaoza.

Kaka_Pwani: Dada usitutoe kwenye mada. Waliosema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio hawakukosea, jamaa kawa shujaa dakika chache tu kalala chini. Mke aliona sasa huyu ataniacha. Wilson alimwambia hivyohivyo.

MamaWawili: Shahidi wenu ndo Wilson, aliyelala na mke wa mteja wake?? Imeandikwa wazi alimpiga nyati aliyekuwa karibu kumchoma mumewe pembe. Angetaka afe si angenyamaza tu nyati amalize kazi!

Mjukuu_wa_Mbeba_Bunduki: Mnabishana ya wageni, mi kuna neno moja la Kiswahili mle limenikaa rohoni. Macomber anauliza, na wabeba bunduki je? Wilson anajibu wataingia nao, hiyo ni "shauri" yao, si walisaini. Basi. Wanatangulia kunusa damu ya simba na mwoga wa hadithi ni mwingine.

Kaka_Pwani: Mkuu ile ni kazi, walikubali wenyewe.

Mjukuu_wa_Mbeba_Bunduki: Walikubali nini? Wilson huyohuyo anatishia mtumishi viboko, anakiri ni kinyume cha sheria, eti wenyewe wanapenda viboko kuliko faini. Mtu achague mgongo wake au mshahara wake halafu uniambie kakubali! Na siku ile mpishi na wapagazi wanambeba Macomber juujuu kama kaua simba yeye, wabeba bunduki hawakumgusa. Walikuwepo, walimuona.

Msomaji_Arusha: Duh, hilo la kutombeba lilinipita kabisa. Ila faini si ndo ilikuwa sheria ya serikali, Wilson ana kosa gani hapo?

MamaWawili: Sheria ya serikali ya nani kaka? Mjukuu samahani nikuulize, babu yako alikuwa akiogopa simba?

Mjukuu_wa_Mbeba_Bunduki: Sana dada, na alitwambia bila aibu. Bunduki anaibeba kutwa nzima ila kuifyatua haruhusiwi, anampa bwana halafu anasimama nyuma yake mikono mitupu, na bwana akikimbia yeye ndo anabaki na simba.

Kaka_Pwani: Pole mkuu. Ila Margot kaua.