Mkahawa wa "familia" hapa Houston umemhesabu kichanga kuwa mtu wa sita ili utukate bakshishi mara mbili

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu. Nawaomba mnaoishi Texas, hasa mliowahi kubeba sahani kwenye mikahawa ya huku, mnisaidie jambo moja: mtoto wa miezi tisa, aliyekula nusu ya ndizi tuliyotoka nayo nyumbani, anageukaje kuwa mteja?

Mama mkwe amekuja kutoka Tanga kumwona mjukuu. Mke wangu akasema bibi aonje branchi, ule mlo wa Jumapili ambao Wamarekani wanaula kati ya kifungua kinywa na cha mchana: mayai, pankeki, viazi vya kukwaruzwa na kukaangwa, kahawa inayoongezwa kabla kikombe hakijaisha. Tukachagua mkahawa wa siku nyingi, viti vyekundu vya ngozi, maana mlangoni wamebandika bango kubwa kwamba hapo ni mahali pa familia na watoto chini ya miaka 12 wanakula bure. Jina silitaji, modi wasije wakaupiga uzi kufuli.

Hiyo bure kumbe ni Jumatatu hadi Alhamisi, tena jioni, tena mtoto mmoja kwa kila mtu mzima aliyeagiza sahani kamili. Yameandikwa hayo yote chini ya bango kwa herufi za sisimizi.

Jumapili huwezi kuweka nafasi mapema. Unaacha jina na namba ya simu, unasubiri ujumbe. Tukaambiwa dakika 35, ikapita saa nzima, na kupitia kioo tunaziona meza tupu. Nikauliza, nikajibiwa meza zipo ila wahudumu wa kuzihudumia hawatoshi. Haya. Zamu yetu ilipofika mke wangu alikuwa kwenye gari anambadilisha mtoto nepi. Dada wa mlangoni akasema hawakalishi kundi lisilotimia. Tulipotimia, jina limerukwa.

Tukaja kukalishwa jirani na vijana wa ile pombe ya shampeni na maji ya machungwa, unalipa mara moja glasi inajazwa bila kikomo. Sheria ya Texas inaruhusu kuuza pombe Jumapili kuanzia saa 4 asubuhi mkahawani, mradi kabla ya adhuhuri iende na chakula, kwa hiyo hawakuvunja sheria yoyote. Na kwa haki kabisa, Mwingereza Guy Beringer aliyeutetea mlo huu kwa maandishi mwaka 1895 alikuwa anawafikiria hao hao, watu waliokesha Jumamosi wakaamka na vichwa vizito. Sasa kama mnafuata asili yake, bango la familia la nini? Mwanangu wa miaka sita amerudi nyumbani na msamiati ambao siwezi kuuandika hapa. Kiti cha mtoto nacho mkanda umekatika, mke wangu akamfunga kichanga kwa mtandio wa bibi yake.

Chai. Waliozoea Texas mnajua, ukisema chai tu unaletewa glasi ndefu iliyojaa barafu. Nilisema mapema kabisa, chai ya moto, na maziwa. Ikaja kikombe cha maji ya uvuguvugu, pakiti ya majani kando, na vile vikopo vidogo vya krimu ya kahawa. Mama akanong'ona, "Baba, hii chai ililala humu tangu jana?" Nikacheka kwa aibu tu. Hilo niliweza kulimeza.

La mayai sikulimeza. Mama mkwe ni Muislamu, na mimi ndiye niliyeagiza kwa niaba yake. Nikamwuliza mhudumu, huyu mama hali nguruwe kabisa, mna nini? Akasema mayai na soseji za bata mzinga, hamna shida. Sahani ikafika, pembeni ya yai kuna kipande cha bekoni kilichoganda kama gamba. Nikaita. Binti wa watu akaenda jikoni, akarudi ameinamisha uso: kila kitu kinakaangwa juu ya bamba moja, bekoni, mayai, soseji na pankeki pia. Wakuu, mikahawa mingi ya aina hii iko hivyo, ndiyo maana niliuliza KABLA. Kwa nini menyu isiseme? Wameweza kuandika karanga, maziwa na ngano, sentensi moja ya nguruwe imewashinda nini? Mama akala matunda na kipande cha mkate, akasema ameshiba. Hakushiba. Mwanamke wa Tanga akikaribishwa hawezi kulalamika mbele ya mkwewe. Na sahani ile, ambayo haikuguswa, dola 17, imo kwenye bili!

Kwenye menyu pia kuna kibandiko: kila yai linaongezewa senti 50 kwa sababu ya uhaba. Uhaba gani tena? Mafua ya ndege yalipandisha bei kweli mwanzoni mwa 2025, hata Waffle House, ule mtandao mkubwa wa mikahawa ya kifungua kinywa, walitangaza senti 50 kwa yai mwezi Februari mwaka huo. Lakini hao walishaiondoa, ilipofika Julai haipo. Hawa wa kwetu kibandiko kimewaota kwenye menyu.

Sasa njooni kwenye bili. Mhudumu kaleta ile mashine ya kadi mezani, akasema maneno wanayosema wote, kwamba itakuuliza swali moja tu. Kwenye kioo jumla ni dola 148.98, chini yake vitufe vya bakshishi: asilimia 20, 22, 25. Nikasema kwanza nipe karatasi yenye mchanganuo. Akasita. Nikasisitiza. Karatasi ikaja:

Chakula 118.00
Kodi ya mauzo asilimia 8.25, 9.74
Bakshishi asilimia 18, 21.24

Yaani wameshakata! Halafu mashine inaomba nyingine, na inaipiga juu ya jumla yote, juu ya kodi na juu ya bakshishi ya kwanza. Asilimia 20 ya mashine ni dola 29.80. Ungebonyeza bila kuangalia, umeacha dola 51.04 kwenye chakula cha 118. Hiyo ni zaidi ya asilimia 43. Wangapi Jumapili ile, wenye watoto wanaolia na bibi aliyechoka, wamebonyeza wakaondoka?

Meneja akaja na tabasamu la kupigiwa picha. Ni sera, akasema, makundi ya watu sita na kuendelea. Nikamwambia tuhesabu wote: mimi, mke wangu, mama, watoto wawili wakubwa. Watano. Akamwonyesha kichanga kidole. "Anakalia kiti." Kiti chenye mkanda uliokatika!

Nikamwuliza swali la pili, na hili ndilo lililomtoa tabasamu: hizi dola 21.24 anapata nani? Maana nimesoma kidogo. Kwa Texas mhudumu anayeishi kwa bakshishi mwajiri anaruhusiwa kumlipa dola 2.13 kwa saa, kiwango cha shirikisho ambacho hakijaguswa tangu 1991. Bakshishi isipomfikisha dola 7.25, kima cha chini kilichokaa pale pale tangu 2009, mwajiri anatakiwa ajazie. Lakini kinachokatwa kwa lazima, IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, tangu Januari 2014 inakihesabu kuwa ada ya huduma, siyo bakshishi. Fedha hiyo kwa sheria ya shirikisho ni mapato ya mkahawa, mwenye mali akipenda agawe, asipopenda abaki nayo. Meneja akasema mambo ya mishahara ni ya ndani. Mhudumu amesimama pembeni, anaangalia viatu vyake. Nikapata jibu langu.

Nilibonyeza sifuri kwenye mashine, na yule binti nikampa noti mkononi, kosa la bamba na la mashine si lake. Meneja alikataa kuondoa asilimia 18, akakataa kuondoa sahani ya mama, akanipa kuponi ya pankeki za bure. Inatumika siku za kazi tu.

NYONGEZA: Naona wengine mnaniambia ningepika nyumbani. Tunapika, mkuu, kila siku, na chapati za maji za mama mkwe zinazishinda pankeki zile zilizomwagiwa shira ya mahindi iliyotiwa rangi, wakati shira halisi ya mti wa maple inalipiwa zaidi. Siyo hoja. Na nyie wa Minnesota mnaosema kwenu wahudumu wanalipwa kima cha chini kamili kabla ya bakshishi, ni kweli, California na Washington pia, lakini mimi niko Houston.

Ninachotaka kutoka kwenu ni hivi viwili. Kuna aliyewahi kuipinga kwa benki ada kama hii baada ya kadi kushapita, akarudishiwa? Kiasi siyo kikubwa, lakini nina ile karatasi na nina picha ya menyu. Na mliofanya kazi kwenye mikahawa ya Houston au Dallas, zile asilimia 18 za makundi mlikuwa mnaziona kwenye mshahara, au zinaishia ofisini? Kama unaogopa kutambulika njoo PM.