Naomba ushauri: rejeta ya oili kwa injini ya rotari ya ndege ya kujijengea, iwe ukubwa gani?

RotaYaKariobangi
Wadau, habari za jioni. Najenga ndege ya viti viwili hapa Kariobangi Light Industries, huu ni mwaka wa sita. Injini ni Mazda 13B, ile ya rotari, yaani rota mbili zinazozunguka badala ya pistoni, sentimita za ujazo 1,308. Injini rasmi za ndege bei yake ni ya shamba, ndiyo maana nikaja huku.

Jana nimeiwasha, ndege ikiwa imefungwa kwa minyororo kwenye nguzo. Dakika ya sita, mizunguko 4,500, maji yako digrii 97, oili 121 na mshale bado unapanda. Nikazima. Nina rejeta mbili za maji na moja ya oili. Swali langu ni moja tu: hii ya oili niibadilishe niweke ya ukubwa gani? Sijalala vizuri tangu jana. Nataka nifike uwanjani kabla ya mvua za vuli.

FundiWaGrogan
Kaka, achana na alumini. Hizi za siku hizi ukizigusa na bisibisi zimetoboka. Tafuta rejeta ya kopa (shaba) ya lori, niletee hapa Kirinyaga Road, nakukatia na kukuchomelea kwa kipimo chako. Nimefanya kazi hii tangu 1994. Kopa haijawahi kuniangusha.

RotaYaKariobangi
Asante fundi, lakini uzito. Kila kilo nikiiweka puani lazima niitafutie nyingine mkiani.

MzeeWaWilson
Kijana wangu, kabla ya kufika kwa rejeta. Injini inatoa nguvu farasi ngapi? Utapanda kwa kasi gani? Hewa inaingilia wapi?

RotaYaKariobangi
Shikamoo mzee. Nguvu farasi 180. Kupanda, noti 80 (kipimo cha mwendo wa ndege). Hewa inaingilia mashimo mawili ya duara, moja kila upande wa propela, kipenyo sentimita 13. Boneti ni ya faibagilasi, imeshamalizika na rangi imepigwa, kwa hivyo naomba tusiongelee boneti. Ni rejeta ya oili tu.

MzeeWaWilson
Marahaba. 180 hapa Nairobi? Uwanja wa ndege wa Wilson uko futi 5,546 juu ya bahari. Saa nane mchana, jua likiwa digrii 28, hewa yetu ni kama asilimia 78 ya hewa ya kawaida ya pwani. 13B inayovuta hewa yenyewe ikiwa na 180 Mombasa, hapa itakupa 135 hivi. Hizo 45 umezitoa wapi?

DerevaWaMaiMahiu
Mimi ndege siijui ila joto nalijua. Miaka kumi na moja nimepanda ukingo wa Mai Mahiu hadi Kimende na viazi nyuma. Gia ya pili, mguu chini kabisa, gari linatambaa kama kobe na upepo unatoka nyuma. Hapo injini inafanya kazi yote na hewa hakuna. Siku moja nikafungua kifuniko cha rejeta kabla haijapoa, na alama iko kwenye mkono huu wa kulia mpaka leo, kutoka kifundo hadi kiwiko. Ndege ikipanda si ni hivyo hivyo? Nguvu zote, mwendo mdogo?

MzeeWaWilson
Ni hivyo hivyo kabisa, dereva. Kupanda ndiko kunakoua. Ikishanyooka angani, karibu kila kitu hupoa.

MamaWaUmoja
Mwanangu, nyumbani wanajua? Wilson iko karibu na Kibera. Kitu kikianguka pale hakikuangukii wewe peke yako. Una watoto?

RotaYaKariobangi
Mama, ninao wawili, na mke wangu ndiye aliyenishikia riveti za mbawa zote mbili. Sitarukia Wilson. Ndege itabebwa kwa lori hadi uwanja mdogo Kajiado, na haitaondoka ardhini bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Naomba turudi kwa rejeta.

MzeeWaWilson
Bado hujanijibu kuhusu 45.

RotaYaKariobangi
Sawa mzee. Ina tabo, ile feni inayozungushwa na moshi na kusukuma hewa zaidi ndani ya injini.

Sikusema kwa sababu kila nikiitaja watu wanaacha kujibu swali na kuanza kunihubiria. Siitumii kuongeza nguvu kupita kiwango. Narudisha tu kile ambacho mwinuko wa Nairobi umeninyang'anya. Nilifikiria jambo hili mwaka mzima na tabo iko pale, imefungwa, bomba zake zimechomelewa. Siitoi.

MzeeWaWilson
Sijakwambia uitoe. Ila umeuliza bei ya nyumba ukaficha ghorofa ya pili.

Sikia. Bila tabo mwinuko ungekuhurumia: hewa ikipungua, injini inapunguza nguvu, na joto linashuka pamoja nayo. Tena noti 80 kwenye saa yako ya mwendo ni kama 90 za kweli hapa kwa sababu hewa ni nyepesi, kwa hivyo uzito wa hewa inayopita kwenye rejeta haupungui kwa kiasi kile kile. Tabo inavunja mapatano hayo. Joto linakuwa la pwani, hewa inabaki ya Nairobi.

Nguvu farasi 180 ni kilowati 134. Joto ambalo maji na oili lazima yaondoe kwa pamoja, weka kilowati 100, na hapo nimekufanyia upole. Kwenye rotari karibu theluthi ya hilo hupitia kwenye oili, maana oili ndiyo inayopoza rota zenyewe kwa ndani. Hewa ikiingia na digrii 28 ikatoka na 68, unahitaji kilo mbili na nusu za hewa kila sekunde. Kwa hewa ya hapa ni mita za ujazo 2.6. Kwa mwendo wa mita 46 kwa sekunde, mdomo wa kuipitisha ni sentimita za mraba kama 560. Mashimo yako yote mawili yana 265. Hata uweke rejeta ya oili kubwa kama mlango wa matatu, itapozwa na nini?

RotaYaKariobangi
Mzee, boneti ile ni miezi minne ya kusugua msasa. Na Wamarekani wanaojenga na rotari wametumia kori (viini vya mirija na mapezi) za evapoleta, sehemu inayopoza hewa, za viyoyozi vya gari kama rejeta za maji, ndizo hizi nilizo nazo, na ndege zao zinaruka.

MzeeWaWilson
Zinaruka, sikatai. Lakini kori nene kama ile inataka hewa iifikie polepole, ikiwa na shinikizo. Mdomo mdogo, kisha njia inayopanuka taratibu, kisha rejeta, kisha njia ya kutokea. Angalia ndege ya Mustang ya Vita vya Pili vya Dunia: mdomo uko chini ya tumbo, rejeta kubwa imejificha ndani, na nyuma kuna mlango wa kuongeza na kupunguza. Hewa yako inatokea wapi?

RotaYaKariobangi
Chini, kwenye uwazi wa bomba la moshi.

JichoLaTatu
Wadau mnapoteza usiku. Hii ni hekaya. Akaunti ina siku tatu. 13B Nairobi ataitoa wapi, gari lenyewe ni lini mmeliona barabarani? Na tazameni hili: Nairobi maji huchemka digrii 94, kila mtu aliyepika maharagwe hapa anajua yanavyokawia. Huyu maji yake yako 97 na anatuambia eti "nikazima". Hayakuchemka? Kila mwaka kuna mtu amejenga ndege mtandaoni, mwishowe inakuja namba ya kuchangia.

FundiWaGrogan
Hapo kwa maji umekosea. Sufuria na rejeta ni vitu viwili. Kifuniko cha rejeta kina springi, kinashikilia shinikizo. Kifuniko cha baa 0.9 kikiwa kizima, hata hapa Nairobi maji yanapita 110 kabla ya kuchemka. Ndiyo maana dereva wa Mai Mahiu aliungua: alipofungua, shinikizo liliondoka na sehemu ya maji ikageuka mvuke mara moja.

JichoLaTatu
Sawa. Basi ajibu bila kugugo: nyumba moja ya rota ina upana gani, na plagi zimekaa vipi?

RotaYaKariobangi
Nimetoka nje na kalipa na tochi. Milimita 80 kamili. Plagi ni mbili kwa kila rota, moja juu ya nyingine. Ya chini ndiyo inayowasha kwanza. Chini ya plagi ya rota ya mbele kuna mchubuko wa spana niliouweka mimi mwenyewe Machi, na umeanza kushika vumbi la kahawia. Picha nimeweka. Injini ilitoka kwa jamaa wa mbio za magari aliyebingirisha gari lake, nikanunua mzoga mzima. Sichangishi hata shilingi. Nimekuja kuuliza kwa sababu naogopa kuungua angani.

JichoLaTatu
Nimeona picha. Nimekosea, niwie radhi. Endeleeni.

MzeeWaWilson
Tuendelee. Nunua mpira mwangavu, ule mafundi wa mjengo wanaotumia kupimia levo. Weka maji yenye rangi, upinde uwe U, uufunge ubaoni mbele ya kiti cha abiria. Ncha moja iwe mbele ya rejeta, nyingine iwe wazi ndani ya kiti. Kimbiza ndege ardhini hadi noti 40 kwenye saa, punguza nguvu, soma ikiwa bado inateleza. Shinikizo lote la upepo wa noti 40 husukuma maji sentimita 2.6. Rudia ncha ikiwa nyuma ya rejeta. Abiria ndiye asome, wewe shika usukani.

RotaYaKariobangi
Siku tisa baadaye, kutoka Kajiado. Mke wangu amesoma, mara tatu kila upande. Mbele ya rejeta ya oili: 2.3. Nimefurahi sana. Nyuma yake: 1.8.

MzeeWaWilson
Usifurahie 2.3. Mfereji ukizibwa mwisho, maji hujaa mwanzo. Tofauti ni nusu sentimita, yaani hewa imeingia ikakosa pa kutokea. Panua uwazi wa chini kwanza, uwe mkubwa kuliko milango yote miwili ya mbele ikijumlishwa, na uwe na mdomo unaoshuka kidogo ili upepo wa nje uivute. Kisha pima tena. Hapo ndipo 2.3 itashuka na mashimo yako yatasema ukweli wao.

RotaYaKariobangi
Kwa hivyo ni boneti.

MzeeWaWilson
Ni boneti.

FundiWaGrogan
Lete Jumamosi. Faibagilasi nakata, na bomba la moshi nitalisogeza kidogo lisichome mdomo mpya. Njoo na karatasi yenye kipimo, usije na kichwa tu.

RotaYaKariobangi
Nakuja saa mbili asubuhi. Nimeshachora mstari kwa penseli, juu ya rangi.