Nimelipia OFA YA WANAFUNZI ya Windows 11 hapa Arusha, kumbe punguzo lenyewe ni la kitu cha bure na bado nimewekewa feki

Wakuu habari za jioni. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa bei za laptopu, hili ni la peke yake, na naandika nikiwa na hasira kwahiyo nikiteleza mahali mtanivumilia.

Niko mwaka wa tatu, nakaa Sakina. Mwaka jana mwezi wa 10 si mnakumbuka zile kelele za Windows 10 kukatiwa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025, kila grupu la WhatsApp watu wanaforwadi usipohama utadukuliwa, sasa mashine yangu ni ya mtumba, Core i5 jeneresheni ya 6, RAM 8, alininunulia kaka yangu nilipopata chuo na ilikuwa inadunda vizuri tu. Mwanzoni mwa mwezi wa 11 boom (hela ya mkopo wa chuo) likatoka, napita zangu barabara ya Sokoine nikakuta duka moja (jina nalihifadhi kwanza) limebandika karatasi mlangoni, maandishi mekundu: APGREDI WINDOWS 11 ORIJINO 60,000, WANAFUNZI 35,000 TU, NJOO NA KITAMBULISHO.

Hapo kwenye kitambulisho ndipo waliponimaliza. Fundi kapokea kitambulisho changu cha chuo, kakitoa kopi mbele na nyuma, kaandika namba yangu ya usajili kwenye daftari kubwa kama lile la wageni wa serikali ya mtaa, kisha kagonga muhuri kwenye kikaratasi cha risiti. Ungeshuku nini? Mwizi gani anakuomba kitambulisho?

Na nilimuuliza kabisa, kaka vitu vyangu havitapotea? Akanijibu "dada'ngu ondoa shaka, hii ni apgredi, sio kupiga window". Haya, nikaenda zangu kunywa chai, narudi baada ya saa moja na nusu mashine inang'aa, Windows 11 Pro, vile vialama vya chini vimehamia katikati. Desktopu tupu. Tupu wakuu. Kumbe kapiga window kama kawaida, yaani kaiweka upya kuanzia sifuri, na diski C yote kaifuta. Kulikuwa na folda la madodoso 63 ya wakulima wa kahawa wa kule Arumeru, nilishayaingiza yote kwenye Excel, wiki mbili nimekodoa macho. Pona yangu ni kwamba makaratasi yenyewe yalikuwa kwenye boksi uvunguni, nikaanza upya moja moja, namba 41 lilishamwagikiwa chai halisomeki kwahiyo yule mzee hayumo kwenye risachi yangu, anisamehe huko aliko. Nilipolalamika fundi akasema "wanafunzi mna shida, vitu mnajaza desktopu badala ya kuweka D". Yaani kosa likawa langu.

Nikameza. Nikajipa moyo kwamba si haba, nina kitu orijino na nimepata kwa karibu nusu bei.

Sasa wiki iliyopita mashine ikaanza kuniletea ujumbe kwamba leseni inakaribia kuisha. Nikashangaa, kitu nimenunua kinaishaje? Baada ya siku chache yakatokea yale maneno yaliyofifia ya Activate Windows kule chini kulia, yanakaa juu ya kila kitu, ukifungua Word yapo, ukiangalia muvi yapo. Kuna chalii mmoja darasani anajua haya mambo akaniambia bonyeza kitufe cha Windows na R, andika slmgr /xpr, uone. Leseni ya kununua inakuambia imeaktivetiwa moja kwa moja, haina mwisho. Yangu haikusema hivyo. Akaniambia weka tena slmgr /dli, ikatoa maneno na katikati yake kuna herufi KMS. Akacheka. Mimi sikucheka.

Kwa asiyejua, KMS ni utaratibu wa maofisi na taasisi kubwa, wanakuwa na seva yao na kila mashine inatakiwa iongee na hiyo seva angalau mara moja ndani ya siku 180, isipoongea leseni inakatika. Sasa mimi geto langu Sakina seva nimeitoa wapi? Jamaa aliweka kiprogramu cha kujifanya seva, kikadanganya mara moja kikalala. Hesabu siku 180 kuanzia mwanzoni mwa mwezi wa 11 uone zinaangukia wapi, zinaangukia hapa hapa mwezi wa 5. Na ili kisikamatwe, aliingia kwenye Defender (antivairasi ya Windows yenyewe) akaiambia folda fulani isiikague kabisa. Kwahiyo miezi 6 nimeandika risachi, nimeingia benki, nimeingia akaunti ya mkopo, na mlango wa nyuma uko wazi, halafu mtu alinilipisha eti niwe salama.

Ila kinachonichoma kuliko vyote ni hiki. Kutoka Windows 10 kwenda 11 ni BURE kama mashine ina sifa. Sifa zenyewe ni TPM 2.0 (kichipu cha usalama), RAM kuanzia GB 4, nafasi GB 64, na prosesa kama ni ya Intel iwe jeneresheni ya 8 kwenda juu kwa sehemu kubwa. Yangu ni ya 6, haina sifa, kwahiyo alichofanya ni kuruka ukaguzi, na mashine iliyoingizwa hivyo haina uhakika wa kupata apdeti. Sasa nisaidieni hesabu: mwenye mashine yenye sifa hadaiwi kitu, mwenye isiyo na sifa hakuna bei yoyote duniani itakayoifanya iwe nazo, na anayetaka leseni mpya kabisa, Windows 11 Home ni dola 139, zaidi ya laki tatu za kwetu. Hiyo 60,000 waliitoa wapi mpaka waipunguze ikawa 35,000? Punguzo la nini?

Halafu hata kuhama sikuhitaji! Windows 10 Microsoft wenyewe wameiongezea mwaka mmoja wa apdeti za usalama mpaka 13 Oktoba 2026, mtu binafsi ni dola 30, au hulipi kitu ukiingia na akaunti yako ya Microsoft na kuwasha ile bakapu ya settings. Punguzo la kweli la mambo ya shule lipo na ni la ajabu, mashine za shule na vyuo walipangiwa dola 1 kwa mashine mwaka wa kwanza, wa pili dola 2, wa tatu dola 4. Na zamani Windows 7 ilipotoka mwaka 2009 wanafunzi wa Marekani waliuziwa apgredi dola 29.99. Zote hizo zimetoka kwa mwenye mali, sio kwa mtu mwenye mashine ya kutoa kopi pale Sokoine.

Najua kuna watakaokuja hapa na "kwani nani Bongo anatumia orijino". Sawa, sijawahi kuwa malaika, nimetumia kraki tangu fomu 5. Angeniambia mdogo wangu hii ni kraki, nipe elfu 10 ya ufundi, ningempa na ningetunza vitu vyangu kabla. Fundi lazima ale. Nilichokataa ni kuuziwa kraki kwa bei ya orijino na kupigiwa muhuri juu.

Jumanne nikapanda toyo mpaka dukani. Nimekuta kijana mwingine, bosi eti yuko Moshi, waranti yao ni siku 7, na hicho kikaratasi changu sio risiti ya EFD (ile ya mashine ya TRA) kwahiyo hana pa kunitambua, wakati kopi ya kitambulisho changu iko kwenye daftari lao hapo hapo mezani! Akaniambia anaweza kuiaktiveti tena kwa elfu 20. Nilipogeuka kuondoka akaniita, "dada, kama una kitambulisho cha chuo tutafanya elfu 10".

Mliopigiwa window pale, wekeni hizo komandi mbili muone. Kuna anayejua FCC (Tume ya Ushindani) kanda huku wanapokea malalamiko ya hivi au mpaka uwe na ile risiti ya EFD? Na mwenye faili la Linux Mint (mfumo wa bure wa kuweka badala ya Windows) aliyeko Sakina au Ngaramtoni naomba nije na fleshi yangu nikopi, ni karibu GB 3 na bando langu limekata. Ila asije mtu PM na ofa ya wanafunzi.